Mizani Anaomba Chuo Mara ya Pili

Kazini walimwita Mizani, kwa sababu kutwa nzima alipima udongo. Wajenzi wa barabara waliuleta kwenye mifuko. Yeye aliukausha kwenye tanuri, akauchekecha, akaupima, akaandika namba kwenye fomu. Kisha mfuko mwingine. Kazi aliiweza, lakini alikuwa na shahada ya jiolojia, yaani elimu ya mawe na udongo, na moyo wake ulitaka kusoma zaidi.

Aliishi na baba yake katika nyumba ya vyumba viwili. Baba alikuwa mchimba visima, ingawa miaka tisa sasa hakuwa ameshika sururu. Asubuhi baba ndiye aliyechemsha chai, Mizani akapiga pasi, wakataniana. Baba alisema binti yake amesoma chuo miaka minne ili aje kupika udongo. Mizani alimjibu kwamba angalau chakula chake hakiungui.

Mwaka uliopita Mizani aliomba nafasi ya shahada ya uzamili katika sayansi ya dunia. Alijibiwa kwa mistari minne: hakuchaguliwa. Aliikunja barua hiyo, akaificha chini ya nguo kabatini. Maombi ya mwaka huu yalipofunguliwa, hakuyagusa.

Baba aliliona hilo. Siku moja, Mizani akiwa kazini, alizitoa karatasi zote za maombi kabatini, akavuka ua, akaenda kwa jirani.

Jirani huyo alikuwa mama mstaafu. Kwa miaka ishirini na mbili alifanya kazi katika ofisi ya udahili ya chuo, ile inayopokea maombi ya wanafunzi. Sasa alishona nguo za watoto, lakini mtaa mzima bado ulimwita Bi Karani.

Mizani aliporudi na kupata habari hiyo, alinuna. Alimwambia baba kwamba amemwaibisha. Baba aliendelea kumenya viazi.

"Nenda kamsikilize tu, mama," alisema. "Ukiona hakuna maana, nitakuomba radhi."

Bi Karani alikuwa amezitandaza karatasi juu ya meza ya cherehani. Hakuzungukazunguka. Nakala ya matokeo ilikuwa picha ya simu iliyokatwa pembeni, jina halionekani. Mhadhiri mmoja kati ya wawili waliotakiwa kumpendekeza hakutuma barua yake. Mizani akakumbuka kwamba alimwarifu siku mbili tu kabla ya mwisho. Tena maombi aliyatuma siku ya mwisho, alasiri, kwa hiyo hapakuwa na muda wa kurekebisha lolote. Na hakuwa amemwandikia mwalimu yeyote wa programu ile. Bi Karani alimweleza kwamba kila chuo kina masharti yake, ni lazima uyasome yote kwanza. Lakini mara nyingi, katika masomo ya utafiti, mwombaji hupokelewa kama kuna mwalimu aliye tayari kumsimamia.

"Hayo yote yanarekebishika," alisema. "Kubwa ni hii barua ya kujieleza. Nisomee mstari wa kwanza."

Mizani alisoma. "Tangu utotoni nimependa mawe."

"Mstari huo nimeupokea kutoka kwa watu wengi mno. Sasa niambie kwa mdomo wako. Kuna nini huko ardhini kinachokunyima raha?"

Mizani aliiweka barua mezani. Kisha akaeleza habari za kisima cha mwisho cha baba yake. Kilitoa maji matamu miaka miwili, halafu maji yakageuka chumvi. Watu walisema mchimbaji amewadanganya. Baba akaweka sururu chini. Tangu apate kazi, Mizani huenda kisimani kila Jumamosi. Hupima kina cha maji kwa kamba, huchota chupa moja, hupima chumvi kwa kifaa cha maabara. Amekwishajaza daftari tatu.

"Hayo uliyaandika wapi katika maombi?"

"Sikuyaandika. Ni kisima cha baba tu."

Bi Karani alivua miwani. "Mwanangu, hiyo ndiyo barua yenyewe."

Lakini Mizani hakuweza kuandika bila kuomba ruhusa. Walikuwa hawajakitaja kisima kile nyumbani kwa miaka mingi. Walipomaliza kula, alimweleza baba yote, hata zile Jumamosi. Baba alikuwa akidhani anakwenda kwa rafiki.

"Kila Jumamosi?" aliuliza. "Kwa ajili ya kile kisima?"

"Kwa ajili yako, baba. Nilitaka nijue kwamba hukukosea."

Baba alitazama viganja vyake. Kisha akaanza kuhesabu tabaka za kisima. Mita nne udongo mwekundu. Mita saba udongo mweupe wa mfinyanzi. Halafu mchanga wa kijivu, na kwenye mita ya kumi na tisa, makombe madogo ya baharini, mengi, ilhali bahari iko mbali. Mizani alikimbilia kalamu. Habari za makombe alikuwa hajawahi kuzisikia.

Aliandika barua upya mara tano. Bi Karani alifuta kila sentensi iliyojisifu, akaacha kila iliyoeleza. Mizani alipeleka cheti na matokeo kuthibitishwa, akapata nakala safi. Wiki tano kabla ya mwisho aliwaomba mapendekezo mhadhiri wake wa zamani na mkuu wa maabara, akawapa barua yake na wasifu wake ili wajue la kuandika. Alimwogopa mkuu wake. Mkuu alicheka tu, akasema anashangaa Mizani amechelewa hivyo kuomba kusoma. Wiki ya tatu Mizani aliwakumbusha wote wawili kwa adabu.

Aliwaandikia pia walimu wawili wanaochunguza maji ya ardhini. Wa kwanza hakujibu. Wa pili, mwanamama, alijibu baada ya siku tisa kwa swali moja: udongo ule wa mfinyanzi ulikuwa mkavu au mbichi? Baba alijibu papo hapo, kana kwamba ametoka shimoni jana. Mkavu.

Maombi yalitumwa siku nane kabla ya mwisho. Chuo kilimwandikia kwamba ukurasa mmoja haufunguki. Safari hii muda ulikuwepo, akautuma tena.

Jibu lilimkuta Mizani kazini, mikono ina vumbi. Amechaguliwa. Alikwenda kusimama nyuma ya tanuri, akalia, kisha akampigia baba. Baba alimwomba amsomee barua mara mbili. Kisha akakata simu bila kuaga. Bi Karani alisema alimwona uani akijifuta macho kwa mkono wa shati.

Mwezi wa tatu wa masomo, mwalimu wake, yule mwanamama aliyemjibu, alikuja kukiona kisima pamoja na wanafunzi sita. Kwa nini maji yaligeuka chumvi, bado hawakujua. Hiyo ndiyo kazi aliyopewa Mizani kwa miaka miwili. Mwalimu alifungua daftari, akauliza ni nani aliyechimba hapa.

Kwa miaka tisa swali hilo lilikuwa la lawama. Baba alisogea mbele.

"Mimi," alisema. Akachutama ukingoni, wanafunzi wakamzunguka, akaanza kuwaeleza tabaka za udongo kutoka juu.