Sauti Iliyosafishwa

Haya yalimpata rafiki yangu, fundi redio, mtu asiye na porojo. Zamani baba yake alirekodi katuni moja kwa kamera aliyoielekeza kwenye televisheni, basi na sauti za sebuleni zikaingia: bibi akikohoa, na mdogo wa kike wa rafiki yangu akicheka dubu anapotumbukia kisimani. Mtoto yule alipofariki, sauti yake ilibaki kwenye mkanda ule tu. Rafiki yangu akaufuta kwa kurekodi mechi juu yake, tena mechi iliyoisha bila bao. Mama yake hajamsemesha hadi leo.

Juzi katuni ile ilitolewa upya kwenye diski. Kundi lao la mashabiki wa katuni hiyo kwenye simu likajaa sifa: rangi zimerudi, sauti imesafishwa, hata mkwaruzo hakuna. Akainunua, akafunga mapazia mchana kweupe, akatazama gizani. Dubu akatumbukia. Kimya. Kisha bibi akakohoa, na mtoto akacheka.

Akauliza kundini kama kuna mwingine aliyesikia kicheko. Wakamdhihaki, wakamwambia akazibue masikio. Habari za mkanda hakuwahi kumwambia yeyote mle. Mmoja tu, asiyemjua, akamjibu:

“Kwangu pia yupo, ila hacheki. Anauliza, ‘Kaka, mbona ulinifuta?’”