Mtepe wa Mwana Hasha na Forodha ya Mahungu

Zama zile kila mji wa pwani ulikuwa na mfalme wake, pembe yake ya siwa na ugomvi wake, na hapakuwa na mgeni aliyekanyaga mchanga wa Mahungu kabla forodha haijamwambia karibu. Mahungu ni kisiwa. Mlangoni mwa mkondo wake palisimikwa mlingoti wenye kitambaa chekundu, na chombo chochote cha ugenini kilipofika hapo kilitua tanga, kikatia nanga, kikangoja. Hakuna aliyeruka majini, hakuna aliyerusha hata kifuu cha nazi upande wa pwani. Watu wa forodha walikuja na mashua yao, wakatazama nyuso, wakafungua mizigo, wakakusanya silaha, wakatoza ushuru. Na aliyehojiwa hakuwa nahodha, wala mwanamume mwenye ndevu ndefu kuliko wenzake. "Mwenye chombo ndiye mwenye ulimi," walisema Wamahungu, nao hawakumsikiliza mwingine.

Vita vyao na mji wa Ndauwe vilipopamba moto, waliongeza sheria. Mzaliwa wa Ndauwe akikutwa chomboni alipelekwa ngomeni kuchonga mawe ya ukuta mpaka vita viishe, isipokuwa mwenye chombo akubali kukitoa chombo chenyewe kuwa fidia yake. Na mwenye chombo akiapa uongo, alipoteza chombo na kichwa pamoja.

Haya yote Mwana Hasha wa Tungwani aliyajua kabla hajang'oa nanga kwao. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye mvi chache alizozificha chini ya ushungi, binti wa fundi aliyeshona mitepe maisha yake yote. Baba alipofariki alimwachia mtepe mkubwa kuliko yote aliyowahi kuishona, ubao kwa ubao kwa kamba za usumba, bila msumari hata mmoja. Safari hii hakwenda kwa biashara. Binti yake wa pekee, Mwana Siti, aliolewa Mahungu, na sasa mimba yake ya kwanza ilikuwa imekua. Mama gani angekaa kwake?

Alidhani atasafiri na mumewe, Bwana Athumani, na mabaharia wake. Lakini Athumani alikuja pwani akimtanguliza mke wake mdogo, Mishi, aliyemwoa mwaka uliopita. Mishi alizaliwa Ndauwe.

"Nimwache na nani?" Athumani aliuliza. "Kitungwani anakisema kama sisi. Wakiuliza, utasema ni wa kwetu."

Mwana Hasha hakujibu ndiyo wala hapana. "Chombo ni changu," alisema, "lakini mume ni wetu sote. Na apande."

Alijuta kabla Tungwani haijapotea machoni. Chomboni hakuna chumba cha kujifungia, na jicho la mke mwenza halina kope. Alimwona Athumani akimmenyea Mishi muwa na kumkatia vipande vidogo vidogo. Alimsikia akimwuliza kama kichwa kinamzunguka, yeye ambaye katika ndoa yao yote hakuwahi kumwuliza Mwana Hasha kama bahari inamsumbua. Upepo ulipozidi, Athumani alivua joho lake akamfunika binti yule mabegani. Joho lile Mwana Hasha alilidarizi mwenyewe, pindo zote, mpaka vidole vikaota sugu. Akageuza uso akatazama maji.

Na uchungu wake ulizidi kwa kuwa Mishi hakuwa na kosa. Hakuwa na maringo. Alimwita "bi mkubwa" kwa adabu, akampikia wali, akamngoja anawe kwanza. Kama angekuwa mshari, Mwana Hasha angepata pa kuushikia ugomvi.

Walipokaribia rasi iliyo mbele ya Mahungu, vyombo viwili vya vita vilichomoza nyuma ya miamba. Ngao za ngozi ya kifaru zilipangwa ubavuni, na wapiga mishale walikuwa wamekwisha kuvuta nyuta zao. Vilikuwa vya Ndauwe. Nahodha Vuai, mtu mzima asiyepayuka, aliwaambia mabaharia wachukue panga. Athumani alichomoa jambia. Mshale wa kwanza ulimpata mshika kamba begani, akaanguka juu ya magunia akiuma meno.

Hapo Mishi alisimama. Alivua ushungi uso wake uonekane, akapaza sauti kwa lugha ya kwao, akataja jina la babu yake na mtaa wake. Chombo cha mbele kilisogea. Mzee mmoja mwenye kovu shavuni alimtazama kwa muda, akamwuliza maneno mawili matatu, kisha akacheka na kuinua mkono. Vyombo vyote viwili vikageuka.

"Mmeona?" Athumani alisema huku akihema. "Mke wangu ametuokoa."

Mke wangu. Alisema kana kwamba mwanamke mwingine mle chomboni alikuwa abiria. Mwana Hasha alimfunga jeraha yule baharia, kisha akamshukuru Mishi mbele ya wote, kama ilivyopasa.

Wakafika kwenye mlingoti wa kitambaa chekundu jua likiwa limepanda, wakatua tanga. Mashua ya forodha haikuchelewa. Aliyekuja ni mkuu wake mwenyewe, Mwinyi Kitete, mwenye kilemba cheupe na bakora ya mpingo, na nyuma yake askari wenye mikuki.

"Mwenye chombo ni nani?"

"Ni mimi, Mwana Hasha wa Tungwani."

Mwinyi Kitete aliinamisha kichwa. Akauliza kuhusu mizigo, naye akajibu: mitungi ya samli, sandarusi, nguo za Kambaya kutoka Bara Hindi na zawadi za uzazi za binti yake. Watu wake wakafungua, wakatia vijiti kwenye samli, wakakunjua nguo, wakatenga fungu la ushuru. Panga na majambia yakafungwa pamoja kwa kamba, yawekwe forodhani mpaka siku ya kuondoka. Mambo yalikwenda kwa heshima, na Nahodha Vuai akaanza kupumua.

"Limebaki moja, mama," Mwinyi Kitete alisema. "Walinzi wa mnara wetu waliona vyombo vya Ndauwe vikikuzingireni pale rasini. Kisha vikaondoka kwa amani. Ndauwe hawamwachi mtu hivihivi. Nani humu ni wao?"

Maji yaligonga mbao. Mishi aliinamisha macho.

Mwana Hasha alimtazama mumewe, na Athumani alikuwa akimtazama yeye. Jasho lilimtiririka. Macho yake yalikuwa yakimwomba, yakimbembeleza, yakimnyenyekea. Tangu aolewe hakuwahi kutazamwa hivyo na mtu yule, hata siku za fungate. Na sasa alipotazamwa hivyo, ilikuwa kwa ajili ya mwingine.

"Huyu," alisema Mwana Hasha, na mkono wake ukaonyesha. "Mke mdogo wa mume wangu. Mzaliwa wa Ndauwe."

"Utamkomboa kwa chombo?"

"Sitamkomboa."

Askari wakamwendea Mishi. Hakulia. Alipopita mbele ya mke mwenzake alisimama.

"Umesema kweli, bi mkubwa," alisema. "Sina la kukushitaki."

Wala hakutaja yale ya rasini. Mwana Hasha alingoja ayataje, apate kumchukia vizuri, lakini binti aliteremka mashuani akakaa. Ndipo Athumani akavua kilemba chake, akakiweka juu ya magunia, akaruka akaketi ubavuni pake.

"Wewe hatukukuita," Mwinyi Kitete alimwambia.

"Najua. Nipeni nami nyundo. Ukuta wenu utakwisha upesi."

Mwana Hasha alibaki na mtepe wake, na ushuru wake uliolipwa, na ruhusa ya kuingia Mahungu.

Binti yake alimpokea kwa machozi ya furaha, naye akafanya yote ambayo mama hufanya. Alimkanda mgongo, akampikia uji wa pilipili manga. Mwana Siti aliuliza habari za baba, akaambiwa, akasema, "Mama, baba anachonga mawe nawe unanikorogea uji."

"Alijipeleka mwenyewe."

"Najua. Mji mzima unajua."

Naam, mji mzima ulijua. Mwana Hasha aliusikia wimbo kwa mara ya kwanza kisimani, wanawake wakivuta ndoo:

*Kaacha kilemba chake, kaifuata pingu,*
*Mume wa binti Ndauwe, mfanowe u wapi kwangu?*

Wakaurudia huku wakicheka, kila mmoja akimtania mwenzake kuhusu mumewe. Hakuna aliyemjua yeye. Katika wimbo ule hapakuwa na mke mkubwa, hata wa kulaumiwa. Palikuwa na Mishi, na mwanamume aliyempenda, na mawe. Siku zilizofuata aliusikia sokoni, akausikia kwa watwangaji wa mpunga, akausikia kwa mjakazi wa bintiye aliyekuwa akifagia ua. Alikuwa amempa mwenzake kitu ambacho fedha hainunui. Usingizi ukampaa.

Mjukuu alizaliwa salama, wa kike, mwenye kilio cha nguvu. Mwana Hasha alimwita shehe wa mtaa amwadhinie mtoto, akamkabidhi bintiye kwa mkunga, akajitanda ushungi akaenda forodhani.

Mwinyi Kitete alikuwa akikagua pembe za ndovu. Alimwona, akawaondoa watu.

"Nimekuja kutoa chombo," Mwana Hasha alisema. "Kiwe fidia ya yule binti. Na mume aliyejifunga naye."

"Mtepe ule? Mfalme atafurahi, tuna haja na vyombo. Lakini mama, mbona hukusema siku ile?"

"Siku ile nilikuwa na wivu."

"Na leo?"

"Leo ninao zaidi."

Mkuu wa forodha alimtazama kwa makini, kama atazamavyo mzigo asioujua jina. Hakumwuliza tena.

Walipotolewa ngomeni, Athumani alikuwa amekonda, na mikono yake imepasuka na kujaa unga mweupe wa mawe. Mishi alichechemea. Alipomwona Mwana Hasha langoni alipiga magoti kumshika miguu.

"Inuka," Mwana Hasha alimwambia. "Usinishukuru mbele za watu. Watatunga wimbo mwingine."

Athumani alimtazama mkewe mkubwa, naye Mwana Hasha akatazamwa kwa ajili yake mwenyewe safari hii. Lakini ilikuwa kama chakula kilichokuja baada ya njaa kupita.

Bila chombo hawakuweza kurudi Tungwani, na vita vilifunga njia. Wakapanga nyumba ya udongo karibu na Mwana Siti, wote watatu. Haukupita muda mrefu Ndauwe wakaizingira Mahungu, na mfalme akateremsha vyombo vyake vyote baharini. Mtepe wa Mwana Hasha ulitangulia, umejaa watu wenye mishale ya moto. Wanawake wawili waliutazama kutoka ukutani. Mwana Hasha alililia mbao alizoshona baba yake. Mishi aliwalilia waliokuwa wakingojewa na mishale ile, kwani huenda yule mzee mwenye kovu alikuwa miongoni mwao. Walisimama bega kwa bega, na hakuna aliyeweza kumfariji mwenzake. Mzingiro ulivunjika siku ile. Mtepe haukurudi.

Wazee wa Mahungu wanavikumbuka vita vile kwa fahari. Wanasema palikuwa na bibi tajiri wa Tungwani aliyempenda mfalme wao, akamtunukia mtepe, na kwa mtepe ule mji ukapona. Ndivyo historia ilivyomhifadhi. Habari za Mishi hazimo, wala za Athumani, na ule wimbo wa kisimani ulikwisha kusahauliwa kabla waliouimba hawajazeeka.

Wivu wa Mwana Hasha haukwisha. Majirani walipomsifu kwa kuishi vizuri na mke mwenza, aliwaambia hawajui wanalolisema. Athumani akigawa samaki, alitazama nani kapewa kichwa. Akikohoa zamu ya Mishi, alisikiliza ukutani. Hivyo wakazeeka.

Athumani alipofariki, wajane wale wawili walikaa eda chumba kimoja, nguo nyeupe, milango imefungwa, hawana mtu wa kugombania. Ndipo Mishi alipouliza neno ambalo hakuwahi kuliuliza.

"Bi mkubwa, siku ile forodhani. Kama ungejua atanifuata, ungenitaja?"

Mwana Hasha alitaka kusema kweli.

"Ningekutaja," alijibu. "Lakini yeye ningemfunga mlingotini kwanza."

Mishi alijaribu kujizuia, akashindwa. Waliokuja kuhani walisimama uani wakatazamana, maana kutoka chumba cha wafiwa walisikia vikongwe wawili wakicheka mpaka wakakohoa, na hakuna aliyethubutu kubisha hodi.