Mgeni wa Mnara wa Taa

Ngazi za chini zilikuwa kavu na za juu zilikuwa zimelowa. Saynab aliliona hilo alipofika katikati ya mnara, akamshika bintiye Weris mkono asiteleze, wakaendelea kupanda.

Walikuwa wametoka Garissa kumtembelea kaka yake, Bulle, anayewauzia mbuzi wachinjaji wa pwani. Asubuhi hiyo, maji yakiwa yamekupwa, Bulle aliwavusha kwa miguu hadi kisiwani wauone mnara wa taa wa wakati wa Waingereza.

"Msikae sana," Bulle aliita kutoka chini. "Hii bahari si mto wa lagga wa kwetu, ukauke ukae mwezi. Saa saba maji yanarudi."

"Siku hizi umekuwa mvuvi?" Saynab akamjibu. "Mbuzi wamekushinda?"

Juu kabisa kulikuwa na mlango wa chumba cha taa, umefungwa kwa kufuli. Sauti ya mwanamume ikatoka ndani, kwa Kisomali safi cha watu wa Wajir. "Mama, nina kiu."

Saynab hakuuliza ni nani. Kwao mwenye kiu haulizwi jina wala ukoo kabla hajanywa. Alimpa Weris chupa, mtoto akainama, akaipenyeza kwenye pengo chini ya mlango. Chupa ilirudi tupu. Mkono wa Weris ulinuka mafuta ya taa.

"Mlinzi wenu mnamfungia ndani?" Saynab aliuliza waliposhuka.

"Mlinzi gani?" Bulle akasema. "Kufuli lile lina kutu ya miaka thelathini."

Walivuka maji yakiwafika magotini.

Siku ya kwanza nyumbani Garissa, alasiri, Saynab alikuwa akichuja chai aliposikia mtu akipanda ngazi. Nyumba yake ni ya mabati, vyumba viwili, haina ngazi. Hatua zilipita juu ya kichwa chake, nzito, zikizunguka na kupanda, moja baada ya nyingine, mpaka zikafika mahali ambapo hapakuwa na kitu ila anga, zikanyamaza, na hapo hapo balbu ya sebuleni ikawaka, ingawa umeme ulikuwa umekatika mtaa mzima.

"Ninyi mnalipia umeme wa nani?" jirani yake Fowsiya aliuliza kutoka upande wa pili wa ua.

Siku hiyo Weris alianza kunywa. Alimaliza jagi, akamaliza ndoo, na midomo yake ikapasuka na kuota chumvi nyeupe. Siku ya pili walimtundikia dripu hospitalini. Ilikwisha kabla muuguzi hajafika mlangoni, na mkono wa mtoto ukabaki mkavu kama ngozi iliyoanikwa juani.

"Anakunywa yeye, hooyo," Weris alimnong'oneza mama yake. "Mimi nashika kikombe tu."

Siku ya tatu Bulle alifika kwa lori la mbuzi, akiwa na Sheikh Shuaib, anayewasomea wagonjwa. Sheikh alisoma kwa saa nzima, kisha akafunga kitabu.

"Huyu hakuingia kwa nguvu," alimwambia Saynab kwa sauti ya chini. "Ulimpa maji. Ni mgeni wako, na mgeni wa mtu siwezi kumfukuza mimi."

"Mtoto hafiki kesho, Sheikh."

"Najua. Haki ya mgeni ni siku tatu, na jua likizama zimekwisha. Mwambie aondoke, kwa adabu, kisha umsindikize. Usigeuke mpaka yeye mwenyewe akwambie rudi. Ukigeuka kabla, atakuwa hajaondoka."

"Na asiponiambia?"

Sheikh aliinama kutafuta viatu vyake.

Baada ya magharibi Saynab alisimama sebuleni. "Umekunywa, umelala, na jina hukuulizwa," alisema. "Siku zako zimekwisha. Twende nikusindikize."

Kisha hatua zikaanza kushuka kutoka huko juu, polepole, zikizunguka, harufu ya mafuta ya taa ikishuka nazo na kumjaa kooni, zikapita kando ya kitanda cha Weris, zikasita hapo kwa muda ambao Saynab hakuthubutu kupumua, halafu zikaelekea mlangoni, na mlango ukafunguka.

"Kaa na mtoto," alimwambia Bulle. Akachukua simu, akavaa ndala, akatoka.

Walipita soko. Walipita nyumba za mwisho, wakaishika barabara ya kusini, yeye nyuma, hatua mbele yake gizani zikigonga lami kwa mwendo ule ule. Hakuna aliyesema rudi. Alikuwa ametembea zaidi ya saa mbili simu ilipolia.

"Amekunywa?" Saynab aliuliza.

"Glasi mbili," Bulle akasema. "Midomo imelainika. Amekaa, anakuulizia. Uko wapi, walaal?"

Taa za mji zilikuwa nyuma yake, na hakugeuka kuzitazama. Mbele hatua hazikupunguza mwendo.

"Mpe tena," alisema, akahamishia simu sikio la pili, akaendelea kutembea.