Jibini na Samaki Sahani Moja

Nyumbani kwa Shaabani, pale Kibiti, samaki hakukosekana. Shaabani alikata boriti za mikoko huko deltani, na kila aliporudi alileta kapu la ng'onda, samaki waliokaushwa kwa chumvi. Mkewe, Mwanaheri, alilima mpunga. Walikuwa na mbuzi pia, tena wenye maziwa mengi, lakini hakuna mtu aliyeyanywa. Bi Mwanamina, mama yake Shaabani, aliyakataza. Alisema nyumba inayokula samaki hainywi maziwa. Ukivichanganya tumboni, ngozi hutoka mbalanga, yale mabaka meupe. Basi vitoto vya mbuzi vilinenepa, na watu wakala wali na ng'onda. Ulikuwa wakati wa Mwingereza na zahanati haikuwa mbali, lakini mambo ya jikoni nani angekwenda kuyauliza huko?

Mwaka ule surua ilimpata Sijaona, binti yao mdogo. Surua ilipona, mtoto hakupona. Mashavu yalibonyea na miguu ikavimba. Ng'onda aliitema kwa ukali wa chumvi. Mwanaheri alimtazama amelala mkekani, akaogopa kulisema lililokuwa moyoni mwake, kwamba mtoto anakwenda.

Alimpeleka zahanati. Mkunga wa hapo, Mwanawetu, alimbonyeza mguu, na kidole kikaacha shimo. Akampa dawa, kisha akauliza mtoto anakula nini. Aliposikia habari ya mbuzi, alijifunga kanga akafuatana na Mwanaheri mpaka nyumbani.

Bi Mwanamina alimkaribisha vizuri, ila kuhusu maziwa alikataa katakata. Mwanawetu hakubishana naye. Alimwuliza kwa upole ni nani aliyemwona akipatwa na mbalanga.

"Huseni, mwanangu wa kwanza," alisema Bi Mwanamina. "Nilimpa mimi mwenyewe. Samaki mchana, maziwa jioni. Haukupita mwezi, mabaka yakamtoka usoni. Watu wakamkimbia. Akahamia Mloka, hajarudi."

"Pole sana, mama. Siku hiyo alikula peke yake?"

"Tulikula sote."

"Na wewe?"

"Na mimi."

Bi Mwanamina aliitazama mikono yake, akaigeuza. Haikuwa na baka hata moja.

Mwanawetu alimweleza kwamba mbalanga hailetwi na chakula, wala haiambukizi. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, nasi hatumlaumu. Lakini hofu ya bibi ilikuwa imemnyima mjukuu chakula, na hilo lazima lisemwe.

"Basi si mimi niliyemharibu mwanangu," alisema Bi Mwanamina, akalia.

Maziwa yenyewe Sijaona aliyakataa kwa harufu. Hapo Mwanawetu akawafundisha kutengeneza jibini. Walinawa mikono kwa sabuni. Wakachemsha maziwa mpaka yakafura, wakaipua sufuria, wakatia maji ya ndimu kidogo kidogo huku wakikoroga polepole. Maziwa yakakatika. Mwanaheri alidhani yameharibika, akataka kuyamwaga.

"Yaache," alisema Mwanawetu. "Hayo mabonge ndiyo jibini."

Waliyachuja kwa kitambaa safi kilichochemshwa, wakakifunga na kukitundika mpaka maji yakaisha. Wakatia chumvi kidogo tu. Mwanawetu aliwaonya kwamba kwa joto la Kibiti jibini hiyo ifunikwe isiguswe na nzi, na iliwe siku hiyo hiyo. Kisha wakaivunjavunja ndani ya mchicha wa tui la nazi. Ng'onda nayo waliiloweka kwanza, chumvi ikapungua.

Chakula kilipopakuliwa, Mwanaheri alisita. Bi Mwanamina akaivuta sahani. Alichukua tonge lenye samaki na jibini pamoja, akasema bismillahi, akala mbele ya wote. Ndipo akamlisha mjukuu wake, kidogo kidogo. Sijaona alitafuna, akameza, akafungua kinywa tena.

Walimlisha hivyo kila siku, mara nyingi na kidogo kidogo, wakimrudisha zahanati kama walivyoagizwa. Uvimbe ulipungua. Mvua za vuli zilipoanza, Sijaona alikuwa akifukuzana na kuku uani.

Siku moja alipita mtu aliyekuwa akienda Mloka. Bi Mwanamina alimfuata mpaka njiani.

"Mtafute Huseni," alimwambia. "Mwambie mama yake anasema hakuna kibaya alichokula. Aje nyumbani, tule naye sahani moja."