Kifuko cha Tatu

Tega sikio, mjukuu wangu, maana leo mtegaji ni mimi. Ndugu watatu wamelala kifuani pa mzee mmoja. Wawili walikuwa wakifunguliwa na kufungwa kila Jumapili. Wa tatu hajafunguliwa miaka miwili, na ndiye anayemlemea kuliko wote. Ana nini tumboni?

Mji usinipe, sina haja nao. Kaa usikilize. Mwenyewe atajibu.

*Jumatatu. Saa nane na dakika kumi mchana.*

Mji mdogo wa Yachimata. Karakana ya baiskeli iliyofungwa, chumba cha nyuma. Harufu ya grisi. Bakuli la karanga za kuchemsha. Wanaume watatu.

Igarashi, mwenye karakana, alichora duka sakafuni kwa chaki. Mlango mmoja. Makabati matatu ya vioo. Saa za mkono, za mitumba lakini za bei ya kutisha. Mwenye duka ni bibi kizee. Hadi saa tano huwa peke yake.

"Dakika mbili," alisema. "Mimi navunja vioo. Kogure unasimama katikati na bunduki. Numata hutoki kwenye gari."

"Bunduki ya gololi," Numata akacheka. "Tutamtia bibi wa watu chunusi."

"Bibi hajui kama ni ya gololi."

Zilikuwa bunduki za mchezo. Ukizitazama ni za vita kabisa, lakini zinatema gololi za plastiki, ndogo kama punje za mtama. Miaka ishirini walikimbizana nazo msituni kila Jumapili. Walikuwa watano, wakijiita Mbweha, Igarashi akiwa kapteni wao. Wawili walihama, timu ikafa. Tangu hapo Kogure, mwenye miaka sitini na mbili, aliweza kumaliza wiki nzima asiseme na mtu ila mashine ya kahawa. Igarashi alipopiga simu baada ya kimya cha miezi minane, Kogure hakuuliza kazi gani. Aliuliza, "Nani mwingine anakuja?"

Sasa alikuwa amekaa chini na vesti tatu za kijeshi mapajani. Kazi yake tangu zamani: kupanga vifuko vya magazini, vile vibweta vya kubebea gololi. Ukanda unapita kwenye kitanzi cha vesti, unatoka kwenye kifuko, unarudi vestini. Anavuta. Anajaribu kwa kidole gumba.

"Mzee, tunaenda kuiba, hatuendi kucheza," Numata alisema. "Vifuko vya nini?"

"Aliyevaa vifuko vitupu anajulikana. Vinalegea. Bibi akiona vimelegea, atajua na bunduki ni ya uongo." Hakuinua macho. "Vitatu, upande wa kushoto. Mkono wa kulia haubanduki kwenye bunduki. Vikizidi vitatu huwezi kuinama. Na vifungo hivi vya kubandua, vinavyolia kraaa, navitoa. Naweka vya mpira."

"Na hicho chako cha tatu? Mbona kina mfuniko, tena umekipiga fundo?"

Kogure akakifunika kwa kiganja. "Tukimaliza nitakwambia."

"Mwache," Igarashi alisema. "Mbweha ni Mbweha. Tunatoka watatu au hatutoki."

Kogure alitoka kununua kahawa za kopo, za moto. Aliporudi alisimama nyuma ya mlango, makopo yakimchoma vidole.

"Goti lake bovu, Kapteni," Numata alikuwa akisema. "Akishindwa kukimbia?"

Ikaja sauti ya Igarashi: "Dakika mbili ni dakika mbili."

Kogure akasukuma mlango. Wakaanza kuongea habari za mvua. Akampa kila mmoja kopo lake.

*Jumatano. Saa nne na nusu asubuhi.*

Ndani ya gari. Mvua. Makoti juu ya vesti. Kogure alimkagua Igarashi kama kila Jumapili ya zamani, ncha za vidole juu ya vifuko: kimoja, viwili, vitatu. Igarashi alitulia kama mtoto anayefungwa vifungo. Miezi minane Kogure hakuwa amemgusa mtu.

"Hicho cha tatu kina nini?" Igarashi aliuliza. "Usiniletee balaa."

"Si balaa, Kapteni. Jioni. Tukienda bafu la mtaa kuoga, kama zamani."

"Jioni," Igarashi alisema, akatazama dirishani.

Kogure alikuwa na jirani, ghorofa ya chini, mzee kama yeye. Miaka miwili nyuma alikufa chumbani. Walimgundua siku ya kumi na moja, magazeti yalipojaa mlangoni. Hakuna aliyekuwa na njia ya kuingia. Walivunja mlango.

*Saa nne na dakika arobaini.*

Wakaingia. Kioo cha kwanza kikalia. Bibi alikuwa nyuma ya kaunta, mfupi, miwani shingoni. Kogure alimwelekezea bunduki.

*Saa nne na dakika arobaini na moja.*

Kabati la pili. Begi la Igarashi linajaa. Karibu na mashine ya fedha palikuwa na mipira miwili ya rangi, ya kumtia mwizi alama, kama ilivyo kwenye kila duka la huku. Igarashi hakuichora kwenye chaki yake.

Bibi akarusha mmoja.

Ulipasuka kifuani pa Kogure, rangi ya chungwa, juu ya vifuko vyote vitatu.

Mjukuu wangu, mchezo ule hauna refa. Gololi haiachi alama. Ukipigwa ni wewe mwenyewe unayejua, na ni wewe unayesema. Kogure hakuwahi kudanganya, Jumapili hata moja. Mkono ulipanda kabla ya akili kufika.

"Nimepigwa!" alipaza sauti.

Akainua bunduki juu. Akageuka. Akatoka nje kwa hatua za taratibu, kama mtu anayetoka uwanjani.

"Kogure! Kimbia, mpumbavu!"

Igarashi alimpita akimpiga kikumbo. Mlango wa gari ukafungwa. Kogure alimwona Numata akimtazama kwenye kioo cha gari, sekunde moja tu, kisha gari likakata kona.

*Saa nne na dakika arobaini na tatu.*

Akakaa kwenye ngazi ya duka, mkono bado juu. Bibi akatoka na mpira wa pili.

"Shusha mkono, kijana. Utakufa ganzi."

"Siwezi, mama. Ukipigwa unaushikilia hivi mpaka utoke uwanjani."

"Uwanja gani? Hapa ni dukani kwangu." Alimtazama. "Wale wenzako watarudi?"

Kogure alitazama kona. Mvua. King'ora mbali.

"Walisema tunatoka watatu," alisema.

"Polisi watakuuliza wampigie nani simu kumpa habari zako."

Mkono ulishuka polepole, ukatua kwenye kifuko cha tatu, ukabaki hapo.

"Na hicho?" Bibi akainua mpira. "Tangu ukae unakipapasa. Bomu?"

Kogure alilishika lile fundo. Rangi ilikuwa imelifanya liteleze, ikamchukua muda.

"Ufunguo wa nyumba yangu," alisema. "Wa pili. Nilikuwa natafuta mtu wa kumpa."