Chumvi ya Mgao kwenye Tangi la Kioo

Samaki wa mwisho alikufa Jumanne, lakini ndani ya tangi kitu kiliendelea kuhema. Atusaye alikisikia akichambua maharage: pumzi nzito, kavu, kama za mtu aliyepanda mlima na kuni kichwani.

Mumewe, Ambwene, hakusikia. Angesikiaje, na masikio yake yalikuwa yamejaa sifa zake mwenyewe? Bwana mkubwa huyu alipohamishwa kutoka Tanga kuja ofisi ya mkoa Sumbawanga, aliona kubeba magodoro na vyombo tu ni ushamba. Akapakia kwenye Landrova ya serikali tangi la kioo, samaki, matumbawe na madumu ya maji ya bahari, ili wageni wamshangae. Kwa baridi ya Ufipa ilibidi jiko la mkaa liwake pembeni kutwa. Maji yakawa yanapungua, naye kila mara akaongeza maji na kumimina chumvi ya mgao, huku majirani wakila mboga chukuchuku.

Atusaye alimweleza kwamba chumvi haiondoki na mvuke, na maharage yakikaukia hayaongezwi chumvi. Akajibiwa kuwa bahari si sufuria.

Kisha harufu ya pwani ikatanda nyumba nzima, ikaingia kwenye mablanketi na kwenye ugali, na nyayo za maji zikaonekana sakafuni kutoka sebuleni hadi kitandani kwa mtoto wao Suma, ambaye alikutwa na ukoko wa chumvi midomoni, akilia bila chozi hata moja.

Atusaye akamwita Luciana, mganga wa kijiji cha Laela. Mama huyo aliinamia kioo akasikiliza.

"Mmemtoa jini kwao, akiwa ndani ya matumbawe haya," alinong'ona. "Anaomba maji, mnampa chumvi. Sasa anakunywa kwa mtoto."

Akamkaribisha jini huyo kwa Kifipa, kwa maji kwanza, kama mgeni yeyote. Alimimina maji ya kisima mpaka tangi likafurika. Kuhema kukakoma. Suma akatokwa na machozi. Luciana akaonya chumvi isiongezwe tena.

Lakini mkuu wa Ambwene alikuwa aje Jumamosi kuiona bahari. Jioni mpumbavu yule akamimina pakiti nzima kwa kujificha.

Asubuhi alipiga funda la maji ya mtungi, akatema.

"Mama Suma, nani katia chumvi humu?"

Atusaye akaonja. Yalikuwa maji baridi ya kisima, matamu. Akaitazama midomo ya mumewe, nyeupe pembeni, na hakumwonea huruma. Akambeba Suma mgongoni, akafungua mlango. Sebuleni tangi lilikuwa kimya. Pumzi zile nzito sasa zilitoka kifuani mwa Ambwene.