Nyuzi za Mlangoni

Jambo hili lilimfika rafiki yangu Hilal wa Chumbageni, mwalimu wa baiolojia asiyejua kutia chumvi.

Msituni alikuwa ameokota mnyoo wa mahameli, kiumbe laini wa urefu wa kidole, jike mwenye mimba, wa pekee aliyepata kumwona. Kiumbe huyo hunasa wadudu kwa kuwarushia ute usiofika mbali na unaokauka upesi. Ngozi yake ikikauka, hufa. Hilal alimfungia koponi, katika stoo isiyo na dirisha mwisho wa ukumbi wenye giza, akimnyunyizia maji kila adhuhuri.

"Maua yangu yanakufa kwa kiu, mdudu wako anaogeshwa!" mkewe Tabia alimtania.

"Maua hayana mimba, bibi wee."

Adhuhuri moja umeme ulikatika. Hilal aliingia kwa kupapasa, akalishika kopo. Kifuniko kilikuwa bado kimebana. Nyuma yake kitu kikatema, taratibu, mara mbili.

"Nakuletea taa!" Tabia aliita.

Hilal akageuka atoke, shati likanasa.

"Tabia, simama hapo hapo!"

Mwanga wa simu ukamulika kutoka ukumbini. Nyuzi nyeupe zilikuwa zimetandazwa mlangoni, mwimo hadi mwimo, usawa wa kifua chake, na bado zilikuwa zinachuruzika.